Tunaijenga Goliath hapa Keko, manowari iliyoipiga Dar

Watu wengi wananiuliza lile dude refu la kijivu linaloonekana nyuma kwenye picha ninazoposti ni nini, na kila mara najibu "meli" halafu naacha, leo nimeamua nikae niandike vizuri maana jibu la neno moja haliitendei haki hata kidogo. Ile ni HMS Goliath. Manowari ya Kiingereza, ya chuma cha pua, iliyojengwa Chatham, ikashushwa majini Machi 1898 na ikaanza kazi 1900. Sisi tunaijenga upya kwa skeli ya moja kwa mia, kwenye karakana ya fundi seremala mmoja hapa Keko, Jumapili mchana wakati mashine za kuranda zimezimwa na vumbi limetulia.

Tuko wachache tu. Kuna mzee wetu ambaye maisha yake yote amechonga mashua, kubwa za kuvulia na ndogo za kuuzia watalii, kuna dada mmoja mwalimu wa hesabu, kuna dogo wa chuo mwenye printa ya thrii-dii, kuna fundi seremala mwenyewe ambaye alianza kwa kutupa nafasi tu akanogewa, na mimi ambaye kazi yangu kubwa ni kusoma na kubishana.

Kwa nini Goliath na siyo Bismarck au Yamato, zile manowari maarufu za Vita ya Pili ya Dunia, kama kila mtu? Kwa sababu Goliath ilikuja hapa. Tarehe 28 Novemba 1914 ilikuwa imesimama nje ya bandari ya Dar es Salaam pamoja na kruza (manowari nyepesi zaidi) HMS Fox, mizinga yake ya inchi 12 ikaelekezwa mjini, na tarehe 30 wakarudia tena. Jumba la gavana wa Kijerumani, pale pale Magogoni ambapo leo kuna Ikulu, liliharibiwa vibaya na makombora ya meli za Kiingereza kwenye ile Vita ya Kwanza ya Dunia. Kanisa la Azania Front lilishakuwepo, Mtakatifu Yosefu lilishakuwepo, yaani ukipanda pantoni kwenda Kigamboni ukageuka kuutazama mji unaona majengo yale yale ambayo yule mpimaji wa mizinga aliyaona kwenye darubini yake. Mimi nimezaliwa mji huu na nimesoma shule za mji huu na hakuna siku niliwahi kusikia jina la hiyo meli darasani. Bismarck haijawahi kuja Dar, basi.

Sasa kwa wasiozijua hizi meli nieleze kidogo. Kuna kipindi kama cha miaka thelathini hivi, kuanzia Wafaransa walipoijenga Redoutable iliyoshushwa 1876 ambayo chuma cha pua ndo kilikuwa sehemu kubwa ya mwili wake, mpaka 1906 Waingereza walipoleta Dreadnought yenye mizinga kumi ya inchi 12 na injini za tabaini, na kila kitu kilichojengwa kabla yake kikawa kimepitwa na wakati kwa siku moja. Mimi nakipenda hicho kipindi cha katikati kuliko vyote. Hakuna aliyekuwa na uhakika manowari inatakiwa ifananeje, kwaiyo kila nchi ilijaribu lake. Wafaransa walijenga meli zenye mbavu zinazoingia ndani kadri zinavyopanda juu, zinatisha kuzitazama. Wote waliendelea kuweka pembe ya chuma chini ya maji pale omo, ya kumtoboa adui kwa kumgonga, wakati pembe hiyo hiyo ndo iliyomaliza HMS Victoria mwaka 1893 pale karibu na Tripoli ya Lebanoni baada ya kugongwa na mwenzake Camperdown kwenye mazoezi tu, watu 358 wakafa bila adui hata mmoja kuwepo baharini.

Goliath iko kwenye kundi la meli sita za Canopus. Urefu mita 128 na nusu, upana kama mita 22 na nusu, tani 13,150 za Kiingereza, mizinga minne ya inchi 12 na kumi na miwili ya inchi 6, mwendo noti 18, yaani maili 18 za baharini kwa saa. Zilikuwa manowari za kwanza za Uingereza kuwekewa boila za mabomba ya maji, boila 20 za Belleville, na chuma cha ubavuni kilikuwa cha Krupp, unene inchi 6 tu, wakati Majestic za kabla yake zilivaa inchi 9 za chuma cha Harvey. Chuma kilichokuwa bora zaidi kiliwaruhusu wakipunguze unene na meli ikawa nyepesi. Hiyo peke yake kwangu ni hadithi nzima, ujue meli hizi zilikuwa zinakimbizana na viwanda vya chuma, mwaka huu kiwanda kinatoa bamba jipya, mwakani meli ya jana haina thamani.

Skeli ya 1/100 aliichagua mwalimu na kwa kweli alituokoa na mengi. Kila mita ni sentimita. Baharia wa mita moja na robo tatu anakuwa na sentimita moja na robo tatu, huhitaji kalkuleta. Lakini siku alipotuelezea habari ya uzito ndo nilipata heshima mpya kabisa kwa hesabu. Alisema hivi, urefu ukiugawa kwa mia, na upana umegawa kwa mia, na kina umegawa kwa mia, basi uzito lazima uugawe kwa mia mara mia mara mia, yaani milioni. Tani elfu kumi na tatu na ushee ukigawa kwa milioni unabaki na kilo kumi na tatu na ushee. Kwaiyo modeli yetu ikiwa na umbo sahihi na tukaiweka majini mpaka mstari wa maji, lazima iwe na kilo kama 13. Ikiwa nyepesi itaelea juu kama boya na pembe ya omo itachungulia nje, ikiwa nzito itazama kuliko ilivyochorwa.

Tulipoiweka kwenye nusu ya simtanki iliyokatwa, mwili mtupu bila chochote juu, ilipanda mno. Tukaanza kupakia zile risasi za kubalansi tairi ambazo fundi wa gereji jirani alitukusanyia, moja moja, huku mzee kaweka jicho usawa wa maji na dada kashika mzani. Ilipofika mstari, mzani ukasoma kilo 13 na kidogo. Jamani. Karatasi iliyochorwa Uingereza kabla bibi yangu hajazaliwa, imepita kwenye plaiwudi na faiba ya Keko, na maji yamekubali. Kulikuwa na kelele mpaka walinzi wa ghala la jirani walikuja kuangalia kuna nini.

Mwili wenyewe tulivyoujenga, hapa nampa mzee heshima zote. Sisi wengine tulitaka kurundika mbao kwa tabaka halafu tuchonge, ndo njia ambayo wengi duniani wanatumia. Mzee akasema hapana, chombo kinaanza na mkuku, halafu mataruma, halafu ngozi, hata kama ni manowari ya mzungu. Michoro ya mistari tuliipata kama nakala kutoka Makumbusho ya Taifa ya Bahari kule Greenwich, wao wanatunza michoro ya wizara ya jeshi la majini la Uingereza na unaweza kuagiza kopi, ndugu yetu mmoja aliyeko London alitusaidia. Kwenye mchoro kuna mkato wa meli kila baada ya hatua fulani, tukauhamisha kila mkato kwenye plaiwudi ya milimita nne, fundi akakata kwa jigso, tukayapanda mataruma juu ya mkuku kama unavyoona mashua ikijengwa pale Kunduchi au Mafia. Juu yake ukanda mwembamba wa mbao, kisha faiba, kisha fila ya magari, kisha msasa. Msasa namba 120, 240, 400, 800, wiki hadi wiki. Mtu yeyote anayekwambia hii hobi ni gundi na rangi hajawahi kusaga omo la manowari.

Mzee hakuwahi kuona mchoro wa aina ile kabla. Wao mashua wanazijenga kwa jicho na kwa kamba, hakuna karatasi. Lakini alipoutazama ule mchoro kwa muda aliweka kidole kwenye mkato wa nyuma karibu na tezi akasema hapa maji yatakwama, hawa watu waliihitaji nafasi ya mashine kuliko walivyohitaji mwendo. Tukarudi kwenye mchoro wa ndani, kweli, shafti mbili za rafadha na injini zake zimejaa pale pale. Mimi nimesoma juu ya hizi meli kwa miaka mingi na sikuwahi kuliona hilo.

Nani mbishi zaidi kati yetu? Wote. Ubishi mkubwa wa kwanza ulikuwa wa picha. Kwenye mtandao kuna picha za meli za Canopus nyingi sana na maelezo yake mara nyingi yamechanganywa, jina la hii limewekwa kwenye ile. Dogo alikuwa ameshaanza kuchora tareti, yaani kile kibanda cha chuma kinachozunguka na mizinga mikubwa, kwenye kompyuta akifuata picha moja iliyoandikwa Goliath, nzuri, kali, imepigwa karibu. Tareti ya kwenye picha ilikuwa na pande bapa, kona zinaonekana. Sasa katika zile sita, Vengeance peke yake ndo ilikuwa na tareti za pande bapa, kwa sababu zake zilivishwa chuma cha Krupp na mabamba ya Krupp yalikuwa magumu kuyakunja, ndugu zake watano tareti zao zimepinda mviringo. Kwaiyo ile picha ilikuwa Vengeance tu, haiwezi kuwa nyingine. Dogo alichora upya usiku huo huo na tangu siku hiyo kila picha tunaanza kwa kuikagua tareti kwanza kabla ya kuamini maandishi.

Na Vengeance nayo siyo mgeni kwetu. Ilikuja Afrika Mashariki baadaye, ikasaidia operesheni zilizofanya Dar es Salaam ichukuliwe na Waingereza Septemba 1916. Ndugu wawili wa tumbo moja wamekuja kuupiga mji mmoja.

Picha zina jambo lingine ambalo nawaomba wanaoanza walishike. Filamu za zamani zile hazikuiona rangi nyekundu. Nyekundu ilitoka karibu nyeusi, na bluu ilitoka karibu nyeupe. Kwaiyo ukiona picha ya 1900 mwili wa chini unaonekana mweusi usikimbilie kopo la rangi nyeusi, inawezekana kabisa ni nyekundu ya chini ya maji. Bendera zinadanganya, bomba za moshi zinadanganya, hata ngozi za watu zinadanganya. Dada mwalimu alipiga picha kadi za rangi kwa simu kupitia programu inayoiga filamu hizo, akatuletea, tukaona wenyewe.

Halafu sasa likaja swali ambalo kwangu ndo moyo wa kazi yote hii. Tunajenga Goliath ya siku gani?

Mtu wa nje anadhani meli ni meli. Siyo hivyo. Goliath ya 1900 inayoelekea China ni meli nyingine kabisa na Goliath ya 1914. Jeshi la majini la Malkia Victoria lilizipaka meli zake mwili mweusi, sehemu za juu nyeupe, bomba za moshi na milingoti rangi ya ngozi ya ngamia, zilikuwa zinapendeza kama zinakwenda harusini. Miaka michache baadaye zote zikapakwa kijivu. Katikati hapo milingoti ilibadilishwa, vikawekwa vyumba vya kuongozea mizinga kwa mbali, antena za redio zikatandazwa, mizinga midogo ikahama. Kila mwaka kitu kimetoka na kitu kimeingia. Ukichanganya, unapata meli ambayo haijawahi kuwepo siku hata moja duniani. Nimeona modeli za gharama kubwa, kazi safi, mkono wa dhahabu, lakini ina rangi za 1900 na milingoti ya 1910, na mimi moyo unakataa kabisa.

Dada mwalimu alitaka 1900, na hoja yake ilikuwa nzito, alisema watoto wake wa shule wataipenda ikiwa na rangi, kijivu hakimvutii mtu. Fundi alikuwa upande wake. Mimi nikasema hapana, hii lazima iwe ya tarehe 28 Novemba 1914, asubuhi, nje ya visiwa vya Makatumbe. Kuukuu, kijivu kilichochomwa na jua, imetolewa kwenye meli za akiba kwa sababu vita imeanza na meli mpya zote zinahitajika kwao Bahari ya Kaskazini. Siku hiyo ndo siku yetu na ile meli. Siku zingine zote za maisha yake ni za watu wengine, wao wana makumbusho yao. Tulibishana mpaka giza likaingia, na aliyemaliza ni mzee, alisema tu kwamba chombo kinajengwa kwa safari yake, kama safari ni ya Dar basi kivikwe nguo za Dar. Ikapita.

Hapo hapo kuna swali ambalo majirani wanatuuliza sana na nalichukulia kwa uzito wote. Mbona mnaijenga meli ya mkoloni iliyotupiga? Mwingine aliuliza kwa hasira kabisa, kijana, akasimama mlangoni pale. Jibu langu ni kwamba ile ilikuwa vita ya Mwingereza na Mjerumani iliyopiganiwa kwenye nyumba zetu, wapagazi waliobeba mizigo ya pande zote mbili walikufa kwa maelfu kwa maelfu na wengi hawana hata kaburi lenye jina. Kitu kilichofanya yote hayo yawezekane ni vyombo kama hiki. Nataka mtoto wa Temeke aione, aishike, aone mzinga wenye kombora la pauni 850, karibu kilo 386 moja, aone kwamba ilikuwa kitu cha kutengenezwa na watu, chenye boila na misumari na makaa ya mawe, aelewe ilifanyaje kazi. Kuna jambo pia mzee huwa anatukumbusha, meli za Kiingereza zilizokuwa zinafanya kazi Bahari ya Hindi zilikuwa na kawaida ya kuajiri mabaharia na wachochea moto Waafrika, waliwaita Sidi, wengi wao watu wa Unguja. Kwaiyo historia ya vyombo hivi vya chuma siyo ya wazungu peke yao, kuna babu zetu walioziuguza boila zake kwenye joto la kuua.

Turudi kwenye kazi. Mizinga minne mikubwa tulipeleka kwa fundi wa leisi Gerezani. Mzinga wa inchi 12 wenye urefu wa kaliba 35 ni kama mita kumi na nusu hivi, kwa skeli yetu ni sentimita kumi na nusu, na sehemu yake imefichwa ndani ya tareti. Tundu la mdomoni ni milimita tatu. Yule fundi kazi yake ya kila siku ni bushi za malori, tulipomwekea mchoro alicheka, halafu akaanza na kipande cha shaba ya bomba la zamani, na akausoma ule mteremko wa mzinga, unene nyuma, unapungua kwa ngazi, mwisho unavimba kidogo mdomoni, akautoa wote minne unafanana kiasi kwamba ukiichanganya hujui upi ni upi. Ya inchi 6 alitoa dogo kwenye printa kwa resini, minane imekaa deki ya chini na minne deki ya juu, ndani ya vijumba vya chuma vilivyovimba pembeni. Ile minane ya chini iko karibu na maji mno, bahari ikichafuka ilikuwa haifai kitu, mawimbi yanaingia. Ukiiweka modeli majini na ukatikisa maji kwa mkono unaliona hilo mara moja, sikuhitaji kitabu.

Deki ya kweli ilikuwa ya mtiki. Fundi ana mabaki ya mtiki karakana nzima, akasema tutumie ule ule. Tukakata kipande cha majaribio, na kwa macho yangu haikufaa, mti mkubwa una nyuzi kubwa, ukiupunguza mara mia ubao unabaki mdogo lakini nyuzi zinabaki zile zile, inaonekana kama sakafu ya nyumba. Tukatumia vinia nyembamba ya mbao nyeupe, vipande vya milimita mbili mbili, kati ya kipande na kipande penseli nyeusi badala ya lami ya kalafati, halafu chai ya rangi ikapakwa juu kuizeesha. Shanga za Kariakoo zimekuwa kapi za kamba. Waya wa kopa kutoka kwenye mota zilizoungua umekuwa vyuma vya pembeni vya kushikilia, kila kigingi kimelehemiwa kwa mkono. Rangi ya kijivu tumechanganya wenyewe, tukaiongezea nyeupe kidogo, kwa sababu kitu kikiwa mbali hewa inakipausha, na modeli unaitazama kama kitu kilicho mbali.

Lakini kipande ninachokipenda kuliko vyote siyo cha Goliath yenyewe, ni kiboti chake cha stimu, yaani cha injini ya mvuke. Sikilizeni. Goliath haikuweza kuingia bandarini, mlango wa Dar ni mwembamba na Wajerumani walishazamisha chelezo lao pale mlangoni mwezi wa Agosti. Ndani kulikuwa na meli za Kijerumani zimejificha, König, Feldmarschall, na Tabora iliyokuwa meli ya hospitali. Waingereza waliogopa hizo zitapeleka makaa na vyakula kwa kruza Königsberg iliyokuwa imejichimbia Rufiji baada ya kuizamisha HMS Pegasus pale Unguja tarehe 20 Septemba. Kwaiyo wakatuma viboti vidogo viingie viharibu injini. Mji ulikuwa umepandisha bendera nyeupe, na baadaye kila upande ulimlaumu mwenzake kwamba ndiye aliyevunja makubaliano.

Kamanda Henry Peel Ritchie wa Goliath, hakuamini ule ukimya. Kabla ya kutoka alichukua matishari mawili ya chuma akayafunga, moja kulia na moja kushoto ya kiboti chake, yawe ngao. Walipokuwa wanatoka risasi zikaanza kunyesha kutoka pande zote. Alijeruhiwa mara nane, akashikilia usukani mpaka nguvu zikamwisha, akapewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Wenzake wengine waliachwa ndani wakatekwa.

Yale matishari mawili ndo yalionifanya nisilale. Kiboti kidogo cha stimu katikati, bomba lake la moshi linachungulia, na pande zote mbili kimebanwa na masanduku ya chuma yenye kutu. Sijaona mtu aliyewahi kukitengeneza hivyo. Mzee ametueleza kamba zingepita wapi, maana amefunga matishari maisha yake yote, anasema ukifunga omo na tezi tu yatapiga ubavu wako mpaka uvunjike, lazima uweke kamba ya mshazari na kitu laini katikati, magunia au kamba zilizosukwa. Kwaiyo tumesuka vijigunia vya uzi wa katani vidogo kuliko punje ya maharage.

Miezi sita baada ya Dar, Goliath haikuwepo tena. Ilirudi Rufiji, ikapelekwa Dardanelles, mlango wa bahari kule Uturuki, na usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1915 manowari ndogo ya Kituruki Muavenet-i Milliye ikaisogelea kwenye ukungu pale Morto na kuipiga torpedo. Ilipinduka. Watu 570 katika 700 walikufa. Kila nikimbandika baharia mmoja wa sentimita moja na robo tatu kwenye deki nafikiria hesabu hiyo, maana wengi wa waliosimama nje ya Makatumbe ile Novemba ndo hao hao.

Anayetaka kukanyaga deki ya manowari ya aina hii leo duniani imebaki moja tu, Mikasa pale Yokosuka Japani, iliyojengwa Barrow Uingereza na kuongoza vita ya Tsushima Mei 1905. Nayo ina uhusiano na bahari yetu kwa njia ya pembeni, kwa sababu kundi la Warusi ililolipiga kule Tsushima lilikuwa limekaa miezi Nosy Be, Madagaska, likisubiri kwenye joto, kabla ya kuendelea na safari. Za Warusi na Mikasa seti zake za plastiki za kuunganisha zipo, kampuni ya Zvezda wanazo Borodino na ndugu zake, kampuni ya Hasegawa wanayo Mikasa, zote skeli ya 1/350, ukiwa na hela na mtu wa kukuletea unaanza kesho. Mimi nawashauri hata hivyo, ukishajenga moja ya boksi, jaribu moja ya plaiwudi. Boksi linakupa meli imeshafikiriwa na mtu mwingine.

Kwa sasa mwili umeisha, tareti zinazunguka, bomba mbili za moshi zimesimama moja nyuma ya nyingine. Kilichobaki ni milingoti na antena, boti zote za juu, nanga, na ile Helmuth, tagi (boti ya kuvuta meli) ya Kijerumani ambayo Waingereza waliiteka na kuingia nayo bandarini siku ile. Dada mwalimu ameshapima milingoti yote miwili. Mzee anataka bahari yenyewe ichongwe kwa mbao na siyo kumwagwa kwa resini, anasema maji ya Novemba nje ya Makatumbe yana mawimbi mafupi ya kaskazi inayoanza na hakuna resini itakayoyajua, mimi niko naye, dogo hayuko nasi, na Jumapili hii ndo tunalikata hilo. Mwenye mkono mzuri wa kulehemu waya mwembamba karibu sana, tunakuhitaji.